Barua kwa Mwanangu: Usiuweke Uzi Kabatini

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia jana usiku. Waniuliza kama uache kufuma vitambaa mpaka umalize mtihani wa uhasibu wa Disemba, kwa kuwa wenzako hapo Nairobi wamekwambia wapoteza wakati. Usiache, mamangu.

Mimi wanijua na leso. Nikisikia mzigo mpya umeingia Biashara Street, situlii mpaka niuone. Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za "Mali ya Abdulla", wamo kwenye biashara hiyo ya leso hapa Mombasa tangu 1887. Bibi yako alizifunga leso zao maisha yake yote, na kazi zake hazikulala. Si kila siku nanunua. Naikunjua doti, yaani leso mbili ambazo hazijakatwa, naigeuza nione kama rangi imeshika mpaka nyuma, nafuata pindo kwa kidole pande zote nne, natazama mji, ile picha ya ndani ya pindo, umekaa katikati au umevutwa upande. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, nalisoma mwisho. Jina laweza kuwa tamu na doti imechapwa kombo. Ukiikata vipande viwili, pindo la kimoja lanenepa na la mwenzake lakonda. Hiyo siitaki hata kwa nusu bei. Na jicho hilo hilo ndilo linaloniambia, nikiwa kwenye cherehani, kwamba mkono wa gauni la mteja umekwenda upande.

Lakini kumi la mwisho la Ramadhani, oda za Idd zikinijaa nyumbani, Biashara Street siendi asubuhi hata kama ni mzigo gani. Naenda baada ya alasiri, nazunguka kidogo, narudi kushona. Kwa kuwa najua saa yangu yaja, moyo hauhangaiki.

Sasa wewe. Umesema mwenyewe kwamba wafungua simu kutafuta ua moja la kufuma, washtukia ni saa sita za usiku. Mwanangu, hapo hukufuma hata tundu moja! Wakati wako umekwenda kwa kutazama vitambaa vya watu, na uzi wako uko pale pale mfukoni. Hicho ndicho cha kukata. Chagua mtindo mmoja siku ya Ijumaa, uchore kwenye karatasi, na ukishika sindano simu ibaki chumba kingine. Vitabu visome alfajiri, kichwa kingali chepesi. Uzi uwe baada ya isha, na usimame safu inapoisha. Ukiacha katikati utalala ukihesabu matundu.

Na hao wanaokushauri uviuze, waambie bado. Ukishapokea pesa ya mtu kitambaa huwa deni, utafuma kwa hofu ya mteja, na huo mtihani una hofu ya kukutosha. Mfumie shangazi yako wa Kisauni seti ya makochi aliyokuomba; yeye hana haraka.

Ule uzi wa rangi ya maziwa ulioukosa huko nitautafuta Jumamosi. Nitumie kipande kidogo cha ulionao nilinganishe, maana kuna maziwa meupe na kuna yaliyoingia chai, na ukichanganya seti itaharibika. Niambie na madonge mangapi, nikufungie pamoja na mahamri ya basi la usiku.

Mamako