Kwa Nini Manowari za Angani Zina Mizinga ya Baharini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nipo kidato cha tano. Kaka yangu hupenda filamu za vita vya angani, nami kila nikitazama najiuliza: huko juu hakuna maji wala mawimbi, basi kwa nini meli zao zina sitaha, mnara na mizinga kama za baharini? Watunzi walikosa ubunifu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubunifu walikuwa nao. Ila waliozitunga walikuwa na meli za kweli vichwani mwao, na mojawapo ni kaburi la maelfu ya watu.

Naanza na hiyo. Juu ya kabati langu hapa Tanga ipo modeli ya plastiki ya Yamato, manowari ya Japani ya Vita Kuu ya Pili, kipimo cha 1 kwa 700, haifiki hata sentimita 38. Niliiunga na mwanangu kwa gundi, jioni baada ya jioni. Ina mizinga mikubwa tisa, mitatu mitatu katika vibanda vitatu, viwili omo na kimoja tezi. Kwenye modeli, mzinga mmoja ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kwenye meli yenyewe, mdomo wake ulikuwa na upana wa sentimita 46. Hakuna manowari iliyowahi kubeba mizinga mikubwa zaidi, isipokuwa pacha wake Musashi aliyelingana naye.

Aprili 1945 Yamato ilitumwa kisiwa cha Okinawa karibu bila ndege za kuilinda, na wengi waliokuwa ndani walijua hawarudi. Tarehe 7 ndege za Marekani ziliishambulia kwa mabomu na topido mpaka ikapinduka na kulipuka. Walikufa watu wapatao 3,000.

Mwaka 1974 Wajapani walianza kuonyesha kwenye televisheni katuni ya Yamato ya angani. Hadithi inatokea mwaka 2199: dunia imepigwa mabomu yenye mionzi, bahari zimekauka, na mzoga wa Yamato umebaki wazi kwenye sakafu ya bahari. Ndani ya mzoga huo watu wanaunda kwa siri chombo cha kwenda nyota za mbali. Mnara umebaki uleule, vibanda vya mizinga vilevile. Hata chini wameiacha nyekundu, rangi ambayo meli hupakwa sehemu inayozama majini. Angani hakuna kinachozama! Lakini bila wekundu ule Mjapani asingeitambua meli yake. Tazama pia inatumwa kufanya nini: kuleta kifaa cha kuisafisha dunia na mionzi. Hayo yanatoka kwa watu wa nchi ya Hiroshima na Nagasaki. Meli iliyotumwa kufa sasa inatumwa kuleta uhai, na inatakiwa irudi. Mimi sehemu hiyo hunigusa kila nikiitazama.

Kwa Wamarekani, tazama Star Trek, tamthilia ya televisheni ya 1966. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alirusha ndege za mabomu kwenye vita hiyohiyo ya Pasifiki. Chombo chake kwanza alikiita Yorktown, kisha jina likawa Enterprise. Yote mawili ni majina ya meli za kubeba ndege zilizopigana na Wajapani huko Midway, katika Pasifiki, mwaka 1942. Yorktown ilizama huko, Enterprise ikasalimika. Kuna kipindi kimoja, Balance of Terror, kilichotungwa kwa kuiga filamu ya nyambizi ya 1957. Humo mabaharia wananong'ona wasisikike na adui, ingawa sauti haisafiri mahali patupu, pasipo hewa wala maji. Kamanda wa upande wa pili anamwaga takataka nje pamoja na maiti ya rafiki yake, ili adui adhani chombo kimekwisha. Hiyo ni hila ya nyambizi kabisa.

Star Wars ya 1977 nitaitaja kwa kifupi. Mapigano ya ndege zake yalipangwa kwa kutazama vipande vya filamu za Vita Kuu ya Pili, na mafundi walibandika juu ya modeli zao vipande vya plastiki kutoka kwenye maboksi ya modeli za vifaru na meli. Vile vijibomba na vijisanduku unavyoviona ubavuni mwa meli ndivyo hivyo.

Na sisi wenyewe hatuko mbali na mawazo yao. Jahazi tunaliita chombo, na kinachokwenda mwezini tunakiita chombo.

SWALI: Mzee, ni kweli Uhura wa Star Trek ana jina la Kiswahili? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kweli, limetokana na uhuru. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu chenye kichwa Uhuru mkononi. Tafuta kipindi cha 1966 kiitwacho The Man Trap: kiumbe kinachojigeuza kinamjia ndani ya meli kwa umbo la mwanamume, na kinamsemesha Kiswahili.