Usiruke Marudio: Namna ya Kuzisoma Iliad na Odyssey

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ameiacha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, katika Kitabu cha 2, kwa sababu mshairi "anarudia maneno yaleyale mpaka anachosha". Imeniuma, maana wanaoiacha ni wengi na wengi wao huishia hapohapo. Ndugu yangu, hayo marudio ndiyo utenzi wenyewe.

Anza na sikio. Sisi tuliokua na tenzi tumezoea kuhesabu: mizani 8 kwa kila kipande, vina vikiitikiana. Ukimpima Homer kwa kipimo hicho utapotea. Mshororo wake hauna kina, na waweza kuwa na silabi 12 au 17 bila kosa, kwa kuwa Wagiriki walipima urefu wa silabi. Mshororo una hatua 6. Kila hatua huanza na silabi ndefu, kisha hufuata fupi 2 au ndefu 1 mahali pake. Hatua ya 5 kwa kawaida huwa na fupi zake 2, na ya 6 ina silabi 2 tu. Ndiyo maana mshororo huenda huku na huku katikati, lakini mwishoni hutua kwa mdundo uleule.

Mwimbaji anayetunga papo hapo mbele ya watu hawezi kusimama akatafuta neno. Anahitaji vipande vilivyokwisha pimwa. Nafasi iliyobaki mwishoni ikiwa ya silabi 7, husema podas okys Achilleus, yaani shujaa mkuu wa Iliad, Achilles wa miguu myepesi. Ikiwa ya silabi 5, husema dios Achilleus, Achilles mtukufu. Basi usishangae kuona anaitwa mwepesi wa miguu hata akiwa amekaa. Mtaalamu wa Kimarekani Milman Parry aliliona hilo kwenye maandishi, kisha kati ya 1933 na 1935 akaenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji waliokuwa bado hai. Mmoja wao, Avdo Međedović, alitoa kwa mdomo utenzi wa mishororo zaidi ya 12,000.

Dibaji isome polepole. Mtunzi wetu hufungua kwa Bismillah na kuomba wino na karatasi. Homer humwomba Muse, mungu wa kike wa nyimbo, aimbe. Neno la kwanza la Iliad ni hasira, la Odyssey, utenzi wa safari ya Odysseus kurudi nyumbani baada ya vita, ni mtu, na kila utenzi hubaki na neno lake. Anayesubiri farasi wa mbao, ule ujanja wa Wagiriki wa kuiteka Troy, katika Iliad atasubiri bure: hadithi inaingia vita vikiwa katika mwaka wa 10 na kuisha kwa maziko ya Hector, shujaa wa Troy, Achilles akiwa bado hai.

Orodha ya merikebu ya Kitabu cha 2, vikosi 29 na merikebu 1,186, ipite haraka mara ya kwanza. Hapo tu nakuruhusu. Vitabu ni 24, kila kimoja wastani wa mishororo 650, na kwa sauti kinachukua karibu saa nzima. Soma kimoja kwa siku, na soma kwa sauti!

Sasa njoo kwenye mavazi ya vita. Shujaa huvaa kwa utaratibu mmoja: kinga za miundi, dirii ya kifuani, upanga, ngao, chapeo, mwisho mkuki. Paris, mwana wa mfalme wa Troy, anavaa hivyo katika Kitabu cha 3, na Agamemnon, mkuu wa Wagiriki, katika cha 11. Katika cha 16 Patroclus, rafiki wa Achilles, anavaa silaha za Achilles, maneno yaleyale, hatua zilezile, hadi kwenye mkuki. Hapo mshairi anasema mkuki wa Achilles hakuuchukua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuutumia. Aliyeruka mavazi ya Paris hasikii kitu. Aliyeyasoma anajua papo hapo kwamba kijana huyu hatarudi. Na kweli, katika kitabu hichohicho mungu Apollo anampiga mgongoni: chapeo inaanguka, mkuki unavunjika, ngao inaporomoka, dirii inafunguka. Anavuliwa kama alivyovalishwa.

Odyssey hufanya hivyo kwa ugeni. Desturi yake ni kumkaribisha mgeni, anawe, ale, anywe, ndipo aulizwe jina. Katika Kitabu cha 3 mfalme mzee Nestor anamlisha Telemachus, mwana wa Odysseus, kwanza, na anasema wazi kuwa sasa wageni wameshiba, ni wakati wa kuwauliza: "Wageni, ninyi ni nani?" Mishororo 4. Katika cha 9, Odysseus na wenzake wamo pangoni mwa Polyphemus, jitu lenye jicho moja, naye anawauliza mishororo hiyohiyo 4, neno kwa neno, kabla hajawapa hata tonge. Usiku ule anakula wawili kati yao.