Homa siku ya sita, chembe sahani "ziko sawa"

Mama mmoja ameniandikia kwamba mwanawe ana homa siku ya sita, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo imepasuka, na ameambiwa si Kawasaki, ugonjwa wa watoto unaovimbisha mishipa ya damu, kwa kuwa chembe sahani zake (zile zinazogandisha damu) ziko sawa. Damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Mama mwenzangu, chembe sahani hupanda zaidi wiki ya pili. Kuzingoja zivuke 450,000 ni kungoja ugonjwa ufike kwenye mishipa ya moyo.

Karatasi ya mwanangu nimeikariri mpaka leo: CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) 140, chembe nyeupe 19,000, albumini (protini ya damu) chini, chembe sahani 310,000. Mkojo ulikuwa na chembe nyeupe tele, ila maabara haikuotesha bakteria hata mmoja. Tukapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo, na homa haikutikisika. Nilipouliza kama mishipa ya damu ndiyo iliyovimba, daktari alinitazama kana kwamba nimemtukana. Niliomba daktari mwingine. Yeye aliipitia karatasi ileile na kuagiza eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) siku hiyohiyo. Mwanangu akawekewa imunoglobulini (kingamwili) kwenye mshipa na kupewa aspirini, na leo moyo wake ni mzima. Najivunia ubishi wangu, sitaficha.

Ujue hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni Kawasaki". Daktari Tomisaku Kawasaki aliyeueleza ugonjwa huu Japani mwaka 1967 aliutambua kwa kuwatazama watoto, na mpaka leo macho, ulimi, upele, mikono na tezi za shingo ndivyo vinavyotangulia. Dalili zisipotimia ndipo damu inasaidia: CRP ya miligramu 30 kwa lita au zaidi, ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama, nayo huonyesha uvimbe) ya 40 au zaidi, upungufu wa damu, ALT (kimeng'enya cha ini) iliyopanda. Zisome kwa pamoja, na vipimo virudiwe.

Basi rudi hospitali leo, usingoje kesho. Imunoglobulini inatakiwa kuwahi, ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Bila tiba, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hupata uvimbe kwenye mishipa ya moyo. Wazazi tuache aibu ya kuuliza! Na akishatibiwa, ESR isikutishe, kwa sababu imunoglobulini yenyewe huipandisha. Fuatilia CRP.