Pombe ya asali ikigoma, pima kabla hujaongeza hamira

Ndugu unayeanza kutengeneza pombe ya asali nyumbani, iko siku utafunua ndoo ukute kimya. Povu limekwisha, viputo havipandi, na ukionja bado ni tamu kama sharubati. Mkono utakwenda wenyewe kwenye pakiti ya hamira. Uzuie.

Ndoo yangu ya kwanza ilikuwa ya lita 20, hapa Mafinga, mwezi wa Juni. Nilitia kilo 7 za asali ya miombo kutoka Sikonge, nikajaza maji hadi lita 20, na haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari (maji matupu ni 1.000, na namba hushuka sukari inapoliwa), ikasoma 1.102. Siku ya tisa ikasimama kwenye 1.062. Nikamwaga hamira kavu ya mikate juu yake. Kesho yake nikamwaga tena. Haikutikisika. Mzee mmoja mfugaji nyuki alipokuja kunitembelea, aliinamia ndoo, akanusa, akaniuliza: "Mwanangu, umeipima au umeisikiliza tu?"

Swali hilo ndilo ninalokuachia. Kusikiliza viputo hudanganya pande zote mbili. Mfuniko usiobana hupitisha hewa pembeni, mpira wa kutolea hewa unakaa kimya huku pombe inaendelea kuchacha vizuri. Tena joto likipanda mchana, gesi iliyokuwa imelala ndani hutoka na kukupa viputo ilhali hamira imeshaacha kazi. Chota kwenye chupa nyembamba, tikisa gesi itoke, tumbukiza haidromita na uizungushe kwa vidole ili vipovu vilivyoishikilia viachie. Visipoachia huiinua na kukupa namba ya juu kuliko ukweli. Andika namba. Pima tena baada ya siku tatu. Namba zikilingana na bado uko mbali na 1.000, hapo ndipo useme imegoma.

Ikisoma karibu na 1.000 haijagoma, imeisha. Ikisimama juu zaidi baada ya kuanza na asali nyingi mno, huenda hamira imefika mwisho wa uwezo wake: ya mikate mara nyingi huchoka kilevi kikifika asilimia 10 au 12, na ya mvinyo aina ya EC-1118 huweza kufika 18.

Yangu ilikuwa na kilevi cha asilimia 5 tu, kwa hiyo sababu ilikuwa nyingine. Ya kwanza ilikuwa baridi. Niliweka kipimajoto ndani ya ndoo alfajiri, kikasoma nyuzi 13. Niliihamishia jikoni, nikaifunga blanketi, ikafika 22. Ikashuka hadi 1.054, ikasimama tena.

Sababu ya pili ndiyo inayowapata wengi, nayo ni njaa. Asali ni sukari karibu asilimia 80, lakini naitrojeni yake ni kidogo mno, na hamira haiwezi kujenga mwili wake kwa sukari peke yake. Asali iliyochujwa ikang'aa ndiyo maskini zaidi. Wapikaji wa wanzuki wanaotumia masega yenye chavua wana chakula cha hamira ndani humo humo bila kununua kitu. Nilichemsha hamira ya mikate, kijiko kikubwa kimoja, katika kikombe cha maji kwa dakika 15, ikafa kabisa, ikapoa, nikaitia. Hamira hai hula mabaki ya iliyokufa. Tia polepole huku ukikoroga, na acha nafasi juu ya ndoo, kwani gesi iliyojificha hupanda kwa ghafla na kufurika sakafuni.

Sababu ya tatu ni ukali. Asali haina cha kuzuia asidi isipande, hivyo pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa) huporomoka kwa kasi kuliko kwenye juisi ya matunda. Karatasi ya kupimia ilinionyesha kama 3, na chini ya hapo hamira hulemewa. Nilitumia bikaboneti ya potasiamu, nusu kijiko cha chai kwa lita 10, nikakoroga, nikapima, nikaongeza kidogo hadi ikafika 3.5. Soda ya kuokea nayo hupunguza ukali, ila huacha ladha ya chumvi, mimi siipendi.

Baada ya kurekebisha hayo matatu ndipo nikatia hamira mpya, na hata hapo si kwa kuimwaga kavu. Hamira kavu ikitumbukia moja kwa moja kwenye kilevi na asidi, sehemu kubwa hufa kabla ya kuamka. Pakiti moja ya gramu 5 niliiloweka katika maji ya nyuzi 37 kwa dakika 20. Nikaongeza kikombe cha maji yenye asali kidogo. Ilipoanza kupanda povu nikatia nusu kikombe cha pombe iliyogoma, nikangoja ipande povu tena, kisha kikombe, kisha lita, kuanzia asubuhi hadi usiku. Mwisho nikamimina pombe iliyobaki juu ya kianzio, yaani hamira hiyo iliyokwisha kuamka, si kianzio juu ya pombe. Wiki tatu baadaye ilisoma 1.004, kilevi karibu asilimia 13.

Ndoo zilizofuata nilizilisha mapema: chakula cha hamira nakigawa mafungu manne, saa 24, saa 48, saa 72, na la mwisho theluthi ya sukari inapokuwa imeliwa. Siku hizo za mwanzo nakoroga asubuhi na jioni. Tangu hapo ni ndoo moja tu iliyonigomea.

Na tafadhali, pombe iliyogoma usiifunge kwenye chupa za kioo kwa kukata tamaa. Sukari ipo, hamira ipo. Joto likirudi mwezi wa Oktoba itaanza tena kuchacha ndani ya chupa, na chupa hupasuka. Iache kwenye ndoo yenye mpira wa kutolea hewa hadi namba itulie mwezi mzima.