Muulize Mwalimu: Nyayo za mawe za Koh Ker

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mwezi wa kwanza nakwenda Guangzhou kufuata mzigo, na safari hii nimejitengea siku tano za kutembea kabla ya kurudi. Nikiwa darasa la sita niliona kitabuni picha ya mlango wa jiwe uliobanwa na mizizi ya mti, na tangu siku hiyo natamani kuyaona mahekalu ya Kambodia. Ila Angkor Wat naambiwa watu wanajaa kama stendi ya Kabwe jioni. Mimi nataka yale yaliyobaki msituni, penye ukimya. Mke wangu anasema huko kuna mabomu yaliyotegwa ardhini, na kwamba nakwenda kutazama mawe yaliyoanguka kwa hela ya ada ya watoto. Unanishauri nini?

Msomaji, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nenda. Angkor Wat ipe asubuhi moja, maana ukifika Siem Reap, mji ulio jirani nayo, usipoiona utajilaumu, kisha siku inayofuata panda gari uende Koh Ker.

Mimi nilikwenda Januari 2019. Binti yangu alikuwa akifundisha Siem Reap, na nilipostaafu akanitumia tiketi. Tulitoka alfajiri na dereva wake, kilomita kama 120 kwenda kaskazini-mashariki, mwendo wa saa mbili na ushee. Mashamba ya mpunga yaliisha, yakaja ya muhogo na mikorosho, na vumbi jekundu lile lile la kwetu Mafinga. Halafu msitu. Sikuamini kwamba mahali pale palikuwa makao makuu ya dola ya Khmer, ile iliyojenga Angkor Wat.

Lakini palikuwa. Mwaka 928 mfalme Jayavarman wa Nne alitawala akiwa Koh Ker, mbali na Angkor, mji mkuu wa kabla yake. Kufika 944 yeye na mwanawe aliyemrithi walikuwa wamekwisha kufa, na mfalme aliyefuata akairudisha enzi Angkor. Hesabu mwenyewe: miaka 16! Katika muda huo mfupi waliacha mahekalu kwa makumi, hodhi la maji lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na piramidi ya madaraja saba inayofika mita 36, sawa na jengo la ghorofa kumi na mbili. Wanaiita Prasat Thom. Unapita kwanza chini ya mnara wa matofali mekundu uliobomoka, unavuka magofu ya jiwe la mchanga, miti inafunguka, na piramidi inakutokea mbele yako yote kwa pamoja. Nilisimama. Binti yangu alidhani nimechoka.

Ubavuni wamejenga ngazi ya mbao. Magoti yangu si ya kusifu, nilipanda nikipumzika, ila juu nilikaa karibu saa nzima. Pande zote nne ni vilele vya miti tu. Siku ile tulikuwa watu saba, nao walishuka mapema.

Ile picha yako ya darasa la sita utaikuta Prasat Pram, hekalu dogo la minara mitano kwenye kundi hilo hilo. Minara miwili imekumbatiwa na mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu kiasi kwamba huoni matofali, unaona mti wenye mlango. Ndege hudondosha mbegu juu ya paa, mbegu inachipua kwenye ufa, mizizi inateremka ikitafuta udongo na kupanua kila nafasi inayoikuta. Ikishafika chini, mti ndio unaoishika minara isianguke. Ndiyo maana wahifadhi hawaukati ovyo: ukifa na kuoza, unaondoka na ukuta. Nilikaa nikautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu chochote kwenye safari ile.

Na usikubali mtu akwambie kwamba mahekalu haya yalisahauliwa mpaka Wafaransa walipokuja kuyagundua katika karne ya 19. Angkor Wat haikuwahi kuachwa, watawa wa Kibudha waliendelea kusali pale. Hata huko msituni, wanavijiji walijua magofu yao yalipo na waliyaogopa kwa heshima. Ni kama Isimila yetu kule Iringa. Vitabu vinasema zana za mawe ziligunduliwa 1951, kana kwamba wazee wetu waliokuwa wakipitisha mifugo pale hawakuwa na macho.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikujibu kwa kirefu. Koh Ker imejaa vitako vya mawe visivyo na sanamu. Dereva wetu alitupeleka kwenye hekalu dogo liitwalo Prasat Chen, akaonyesha kwa mkono: hapa walikuwa wakipambana Duryodhana na Bhima, mashujaa wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, sanamu kubwa kama watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vita vikiwa vimepamba moto, wezi walizikata kwenye vifundo vya miguu. Miili ikaenda Ulaya na Marekani. Nyayo zikabaki palepale, na vidole vyake.

Nyayo hizo ndizo zilizotoa ushahidi. Mwaka 2011 Duryodhana alitokea kwenye mnada New York, bila miguu. Wataalamu waliokuwa wamezipima nyayo za Koh Ker walijua alikotoka. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2014 alirudi nyumbani. Bhima naye alirudi mwaka huo huo kutoka makumbusho ya California, na mwaka mmoja kabla yake makumbusho kubwa ya New York ilikuwa imerudisha sanamu mbili za wahudumu waliopiga magoti. Nilikwenda Phnom Penh kwenye Makumbusho ya Taifa kuwaona. Watu wengine walipiga picha nyuso. Mimi niliangalia vifundo vya miguu.

Mimi ni mzaliwa wa Kalenga, mwanangu. Mama yangu alikuwa binti mdogo mwaka 1954, tarehe 19 Juni, Gavana Twining alipolirudisha fuvu la Mtwa Mkwawa. Wajerumani walikichukua kichwa chake mwaka 1898, na ingawa Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, Wahehe walingoja miaka mingine 35. Mama alisimulia jinsi wazee walivyonyamaza siku ile, wanaume wazima wakitiririkwa na machozi. Nilikuwa nikiyasikia hayo kama hadithi ya nyumbani. Mbele ya kile kitako kitupu nilielewa kwa mara ya kwanza wazee wale walikuwa wakilia nini, nami nikalia, na yule dereva, ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja, akanipa maji ya kunywa akasimama kando yangu.

Kwa hiyo mke wako mwambie si mawe yaliyoanguka tu.

Kuhusu mabomu, hofu yake ni ya haki. Vita vya miaka ya 1970 mpaka 1990 viliacha mamilioni ya mabomu ardhini Kambodia, na watu wangali wanakatika miguu. Mahekalu makuu ya Koh Ker na njia zake yamesafishwa. Sheria ni moja: usitoke kwenye njia iliyokanyagwa, hata kwa kujisaidia, hata kwa picha nzuri. Ukiona kibao chekundu chenye fuvu, geuka.

Na mwambie wanaosaidia kuyatafuta mabomu hayo ni Watanzania wenzetu, panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hunusa baruti, na kwa wepesi wao hawalipui bomu. Panya mmoja humaliza eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua mabomu 71 na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Baada yake Ronin amevuka mia, na kazi yake ni mkoa wa Preah Vihear, ulimo Koh Ker. APOPO wana kituo cha wageni Siem Reap, pitia uwaone. Nilijivuna pale kama mzazi siku ya mahafali.

Mengineyo kwa haraka. Januari ni mwezi mzuri, kiangazi na baridi kidogo. Kuanzia Machi joto lao ni la kuangusha mtu. Beba dola safi, iliyochanika hata kidogo hawapokei. Tiketi ya Koh Ker ni tofauti na ya Angkor. Mabega na magoti yafunikwe; mimi khanga yangu ilifanya kazi hiyo, na ya kukalia pia. Maji na chakula beba kutoka mjini. Utasikia sifa za Banteay Chhmar, na ni kweli kuta zake zina michongo ya ajabu, lakini iko karibu na mpaka wa Thailand, ambako majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Julai 2025. Safari hii iache. Na kabla ya kukata tiketi ulizia hali ya usalama ya mkoa mzima wa Preah Vihear.

Ukirudi, niandikie. Nataka kujua ulihesabu vitako vingapi vitupu, na kama kuna mwingine aliyerudishiwa miguu yake.