Likizo ndefu ikikaribia, hesabu walimu kabla ya kupanga siku

Mwaka wangu wa tatu kuongoza huduma ya watoto kanisani, siku ya mwisho ya semina ya likizo, nilisimama mbele ya ukumbi na rundo la vyeti mkononi. Naita jina, mtoto anakuja mbio, tunapiga makofi, anarudi kwa wenzake. Vyeti vikaisha. Mvulana mmoja, wa miaka saba hivi, akabaki ameketi mstari wa pili, mikono juu ya magoti, ananitazama. Hakulia. Alikuwa amekaa kama tulivyomfundisha wiki nzima: wima, kimya, akingoja zamu yake. Nikamwendea, nikamuuliza jina. Aliponitajia nilijua kwamba sijawahi kulisikia. Nikawageukia walimu, nao wakatazamana. Mtoto yule alikuwa amekuja siku zote tano. Siku ya kwanza aliletwa na jirani, foleni ya kuandikishwa ilikuwa ndefu, mtu akamwambia aingie tu, ataandikwa baadaye.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ya kwanza tulikuwa tumekesha pale kanisani, walimu sita, tukibandika mawimbi ya karatasi ya buluu ukutani na kuunda safina ya maboksi yenye kimo cha mtu mzima. Safina ilipendeza kweli. Wazazi waliipiga picha. Lakini nilipochuchumaa mbele ya yule mtoto kumwomba msamaha, niliiona nyuma ya kichwa chake, nikaelewa nguvu zetu zilikuwa zimekwenda wapi.

Tangu hapo nimeongoza likizo nyingine tisa. Ninapoandika haya namfikiria mwalimu aliyekabidhiwa idara ya watoto miezi miwili kabla ya shule kufungwa, wakati ambapo kila mtu kanisani ana wazo lake: semina, kambi, matembezi, tamasha la kuimba, mashindano ya aya, igizo. Mwalimu mwenzangu, nina ushauri mmoja, na mengine yote yanatoka humo. Hesabu kwanza walimu ulio nao, ndipo upange siku.

Kazi hii haikuanza na mapambo. Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti huko Gloucester, Uingereza, alianzisha shule yake ya Jumapili mwaka 1780 kwa sababu aliwaona watoto waliofanya kazi siku sita wakizurura siku ya saba bila kujua kusoma. Mwaka 1898, mjini New York, mama mmoja wa kanisa, Bi. Hawes, aliwaona watoto wa mitaa ya mashariki wakikosa pa kwenda shule zilipofungwa, akakodi ukumbi wa kuuzia bia na kuwafundisha Biblia humo. Semina zetu za likizo zina undugu na ukumbi ule. Wote wawili walianza kwa kumwona mtoto. Hilo nalitaja kwa sababu ndilo huwa la kwanza kupotea shughuli zikizidi.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua karatasi, andika jina la kila mtu mzima anayeweza kusaidia, na mbele ya kila jina siku anazoweza kuja kwa hakika. Si siku anazotamani. Walimu nao wana likizo, wana safari, wana wageni, wana watoto wao. Miaka ya mwanzo niliwahesabu walimu kumi na wanne kwa sababu kumi na wanne walitikisa kichwa nilipotangaza kanisani. Siku ya pili walikuja saba. Nisiwalaumu, sikuwa nimewaomba kitu kinachoeleweka. Tangazo la ibadani huzaa vichwa vinavyotikiswa, jibu la kweli hulipata kwa kumfuata mtu mmoja mmoja.

Na unapomfuata, mwombe kazi yenye mpaka. Ukisema "naomba unisaidie na watoto", mtu anaona bahari mbele yake. Lakini ukimwambia, "Mama, naomba usimame mlangoni Jumatatu hadi Jumatano, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, kazi yako ni kuandika majina na kumsalimia kila mtoto", anajua anachokubali na anajua kitaisha lini. Mama mmoja aliyenikatalia miaka miwili mfululizo alikubali nilipomwomba hivyo. Amekuwa mlangoni kwetu tangu hapo, na watoto wanamwita bibi wa mlango.

Ukishapata majina ya uhakika, yalinganishe na idadi ya watoto. NSPCC, shirika la Uingereza linalowalinda watoto, linashauri angalau mtu mzima 1 kwa watoto 6 wenye umri wa miaka 4 hadi 8, na 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na kwamba hata kundi likiwa dogo wawepo watu wazima wawili. Piga hesabu: watoto 60 wa miaka 4 hadi 8 wanataka watu wazima 10. Ukiwa na 6, una nafasi ya watoto 36, hata kama ukumbi unabeba 200. Vijana wa miaka kumi na tano ni baraka kubwa kwa nyimbo na michezo, na wapeni kazi, lakini msiwahesabu kama watu wazima. Wao wenyewe bado wanahitaji mlezi wa kuwaangalia.

Hapa ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mchungaji na wazee wa kanisa wana hamu ya kuona ukumbi umejaa, na hamu hiyo ni njema. Nilipolazimika kwa mara ya kwanza kusema tufunge uandikishaji, nilikwenda na karatasi yangu. Sikusema tumechoka. Nilisema, "Mchungaji, tuna walimu hawa, kwa siku hizi, wanaweza kuwalinda watoto hawa. Tukipata walimu wanne zaidi tutafungua tena." Akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha Jumapili iliyofuata akawafuata watu wanne yeye mwenyewe. Yethro alimwambia mkwewe Musa jambo lile lile katika Kutoka 18, kwamba atachoka yeye na watu wake pia, akamshauri aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mimi huwa naanzia kwa yule mkuu wa kumi. Mtu mmoja anaweza kuwajua watoto kumi kwa majina. Mia hawezi.

Ratiba nayo ikatwe. Kisa kimoja kwa siku kinatosha. Zamani tulikuwa na aya mpya ya kukariri kila siku, na Ijumaa mtoto hakumbuki hata moja. Sasa tuna aya moja kwa wiki nzima: Jumatatu tunaisema kwa kunong'ona, Jumanne kwa kuimba, Jumatano nusu ya ukumbi inaanza na nusu inamaliza, Alhamisi kila mtoto anamfundisha mwenzake. Ijumaa wanaijua, na mzazi anaisikia nyumbani. Mapambo yanayohitaji kukesha tumeyaacha kabisa. Ukuta wetu siku hizi una karatasi tupu, watoto wenyewe wanauchora kadiri wiki inavyokwenda, na kila mchoro una jina la aliyeuchora.

Wazazi nawapa swali moja kila siku wanapoondoka, la kuulizana njiani. Kumbukumbu la Torati 6 inasema maneno ya Mungu yazungumzwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, na inamwambia mzazi. Sisi tuna mtoto saa chache, yeye anaye mwaka mzima.

Nisimame kidogo kwenye usalama, kwa sababu msimu wa pilikapilika ndio msimu ambao milango huachwa wazi. Mwaka mmoja mwanamume alikuja kumchukua msichana wa miaka mitano, akasema ni mjomba wake. Mtoto akamkimbilia, mwalimu wa zamu akamruhusu. Dakika kumi baadaye mama akafika. Alikuwa mjomba kweli, simu yake ilikuwa imezimika, na alikuwa amempitisha mtoto dukani kabla ya kurudi nyumbani. Lakini kati ya hapo na kumpata ilipita karibu saa nzima, na sijasahau jinsi mama yule alivyokuwa ameshika daftari langu la mahudhurio kwa mikono miwili, akiangalia jina la mwanawe kana kwamba lingemwambia alipo.

Siku hizi kila mtoto anaandikishwa na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, na mzazi anapewa kadi yenye namba ileile iliyo kwenye beji ya mtoto. Asiye na kadi na asiye kwenye orodha anasubiri, awe mzee wa kanisa au mke wa mchungaji. Siku mbili za kwanza watu hukasirika. Siku ya tatu wanashukuru. Pamoja na hayo: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali palipofichika, safari ya chooni ina utaratibu wake, fomu inauliza kuhusu magonjwa, dawa na vyakula vinavyomdhuru mtoto, na picha hazipigwi wala kusambazwa bila ridhaa ya mzazi. Mtu yeyote anayeingia kuhudumia watoto awe anajulikana kanisani na awe amechunguzwa kwa njia ambayo sheria ya mahali penu inataka. Uhaba wa walimu usiwafanye mlegeze hapo.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaandaliwi kwalo. Watoto wakikaa na mtu mzima anayewasikiliza siku tano mfululizo, huanza kusema. Siku moja mtoto atamwambia mwalimu wako jambo zito kuhusu nyumbani au kuhusu mtu fulani. Walimu wote wajue la kufanya kabla siku hiyo haijafika. Sikiliza bila kushtuka usoni. Usimwahidi mtoto kwamba utaficha siri. Usimhoji kama askari, wala usimfuate mtuhumiwa. Mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyohiyo umfikishie mtu aliyewekwa na kanisa kwa kazi ya ulinzi wa watoto, ili mamlaka zinazohusika zijulishwe. Kama kanisa lenu halina mtu huyo, hilo ndilo ombi lako la kwanza kwa mchungaji, kabla hujaomba hata pakiti ya kalamu za rangi.

Upande wa walimu, nimejifunza kuwatazama kama ninavyowatazama watoto. Mwalimu wa watoto hukosa ibada Jumapili baada ya Jumapili, na likizo humwongezea siku tano juu yake. Anaimba kila siku na hajakaa kulishwa neno mwezi mzima. Yesu aliwaambia wanafunzi wake waliorudi kutoka kazini waende faraghani "mkapumzike kidogo", na hata makutano yalipowafuata, agizo la kupumzika alikuwa ameshalitoa. Kwetu, kila mwalimu wa semina anapewa Jumapili mbili za kuketi ibadani baada ya wiki ile, na wazazi wanashika zamu darasani kwake. Hatuna kikao cha tathmini kwa majuma mawili. Tathmini inayofanywa na watu waliochoka huwa ni malalamiko, na watu wazuri huacha huduma katika vikao kama hivyo. Nimewapoteza wawili namna hiyo, nao walikuwa miongoni mwa walimu bora niliowahi kufanya nao kazi.

Yule mvulana wa mstari wa pili nilimpelekea cheti chake nyumbani Jumamosi iliyofuata, na nilihakikisha jina lake limeandikwa sawasawa. Bibi yake alikipokea, akakisoma kwa sauti, akamwita mtoto aje ashuhudie.

Baada ya hapo tukaanza utaratibu ambao hatujauacha. Kila siku, watoto wakishaondoka, walimu tunaketi kwa nusu saa na daftari la mahudhurio. Mmoja anasoma jina, na yeyote anayejua anasema kitu kimoja alichokiona kwa mtoto huyo leo: alimwazima mwenzake kalamu, aliuliza kwa nini Kaini hakusamehewa, hakutaka kucheza, anakohoa. Jina likisomwa na ukumbi ukanyamaza, tunaliwekea alama. Likizo iliyopita, siku ya pili, majina manne yalipata alama. Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni karibu na bibi wa mlango, na kipande cha karatasi mfukoni chenye majina hayo manne, nikiwangoja.