Kikundi cha watoto cha ngoma na sayansi: anza kwa kufuta maneno

Msichana aliyekuwa Mwezi alisahau maneno yake. Lilikuwa onyesho letu la kwanza hapa Malindi, kwenye uwanja wa shule, jua la saa kumi, wazazi wamejibanza chini ya mwembe mmoja. Alitakiwa asimame katikati aseme: "Nguvu ya uvutano ya mwezi husababisha maji ya bahari kujaa na kupwa." Sentensi hiyo tuliikariri wiki tatu. Kinywa kikafunguka, sauti haikutoka.

Mpiga ngoma wetu, kijana wa miaka kumi na mmoja asiyejua kuona haya, hakumngoja. Akaendelea kupiga. Mwezi naye akaona heri atembee kuliko kusimama. Akaizunguka Dunia, akafika upande aliosimama Jua, wote watatu wakawa kwenye mstari mmoja, na watoto walioshika leso za buluu wakazivuta huku na huku mpaka zikatanuka. Kutoka nyuma mzee mmoja mvuvi akapaza sauti: "Bamvua hiyo!"

Bamvua ni yale maji makubwa, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Hakuna aliyemwambia. Aliiona kwa macho yake.

Nimekaa na kikundi hiki miaka sita sasa, na walimu wenzangu na mama wa mitaa mingine huniuliza aanzeje mtu anayetaka kuchanganya muziki, mchezo na sayansi. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu wengi wameshaandika mashairi kabla hawajanijia. Yafute. Mtoto anayesimama mbele ya watu akatamka ufafanuzi wa kitabuni huku akirusha mikono hajacheza sayansi, amesoma daftari kwa sauti. Tumezoea hivyo kwenye mashindano ya shule, na waamuzi hutoa maksi, lakini muulize mtoto huyo kesho yake kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Atakuangalia tu.

Sisi tulilijibu hilo kwa leso. Tulishona leso kuukuu ncha kwa ncha zikawa duara kubwa, watoto wanane wakalishika, Dunia akasimama ndani yake. Mwezi akisimama upande mmoja, duara huvutwa likawa kama yai, ncha moja kwa Mwezi na ncha ya pili upande wa nyuma. Kisha Dunia ajizungushe pale pale, mkono mmoja ameunyosha, na mkono huo ndio Malindi. Mkono unapita kwenye ncha, maji yamejaa. Unapita kwenye ubavu, yamekupwa. Ncha tena, ubavu tena. Mzunguko mmoja, kujaa mara mbili. Hapo hakuna mtoto anayehitaji kukariri.

Halafu ukawaambia: Dunia anapojizungusha, Mwezi naye asogee hatua moja ndogo. Sasa Dunia akirudi alipoanzia anamkuta Mwezi ameshaondoka, na inambidi ageuke zaidi kidogo ili amfikie. Hiyo "kidogo" ndiyo zile dakika kama hamsini ambazo maji huchelewa kila siku. Watoto wa wavuvi walicheka, maana wanajua tangu wadogo kwamba baba akitoka leo saa kumi na moja alfajiri, kesho hatatoka saa ile ile. Walichokuwa hawajui ni sababu.

Siku nyingine nilimwambia Mwezi: usimpe Dunia kisogo hata mara moja, kwa sababu mwezi wa kweli hutuonyesha uso ule ule daima. Akaanza kuzunguka kwa kutembea ubavu, kama kaa. Mwanzo alikuwa ameielekea bahari. Nusu ya njia nikamsimamisha nikamuuliza anaona nini. "Barabara." Akaendelea, akarudi alipoanzia. "Sasa?" Akakaa kimya, akaangalia miguu yake. "Mwalimu, kumbe nimejizungusha na mimi! Na sikugeuka!" Tukarudia mara tatu kwa sababu wenziwe hawakuamini. Nimesoma vitabu vingi vya kunieleza jambo hilo na nakiri kwamba mimi mwenyewe nililielewa siku hiyo, pale mchangani.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Mtoto akikosea hatua, je, sayansi nayo inaharibika? Kama hatua zinaweza kubadilishwa zote na wimbo ukabaki vile vile, basi mchezo ni pambo tu. Bamvua ikichezwa na Mwezi amesimama pembeni badala ya kwenye mstari, mvuvi yeyote atapiga kelele, kwa sababu hayo ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu.

Upande wa muziki usiende mbali. Ala zenyewe ndizo somo. Ngoma ya ngozi jioni ya masika hulegea, sauti ikashuka ikawa kama mtu mwenye mafua, na kila mpiga ngoma wa pwani anajua dawa yake ni kuikanza motoni. Waache watoto waulize moto unafanya nini. Ngozi imekunywa unyevu wa hewa, moto unaukausha, ngozi inakaza, na ngozi iliyokaza hutikisika upesi zaidi, ndiyo maana sauti hupanda. Tandaza chembe za mchele juu ya ngozi, mtoto apige ukingoni, waone zinavyoruka. (Bibi wa mtoto mmoja alikasirika sana kwa mchele kuchezewa. Tangu siku hiyo tunatumia mchanga mkavu wa pwani.)

Kayamba tulifundishwa kufunga na mzee mmoja wa kijiji cha Ganda: safu mbili za matete, mbegu kavu katikati. Tulijaribu mchele, mahindi, na mbegu zenyewe alizotupa yeye. Za mzee zilishinda, na watoto wakagundua peke yao kwamba zenye uzito na ugumu mmoja hushuka pamoja, ndiyo maana mlio wake hukatika safi. Paipu za maji nazo ni nzuri. Kata moja sentimita 60 na nyingine 30, piga mdomo wake kwa champali, utasikia sauti ile ile, ila ya fupi iko juu. Ukitaka sauti za katikati, mpe mtoto msumeno na rula umwache akosee. Utapoteza paipu, si mtoto.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na nitakaa nalo kidogo. Watoto wa Malindi wanajua habari za Vasco da Gama na nguzo yake, lakini nilipouliza nani anajua kilichorushwa kutoka Ngomeni mwaka 1970, hakuna aliyenyanyua mkono. Na Ngomeni ni hapa tu, safari ya matatu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la chuma la San Marco lililosimama baharini, roketi ya Kimarekani iliyorushwa na Waitaliano ilipandisha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili liko kwenye historia ya elimu ya nyota, nasi tunaoishi jirani hatulijui.

Mchezo wetu wa Uhuru ndio ninaoupenda kuliko yote, na ulikuwa rahisi kwa sababu setilaiti yenyewe ilikuwa inacheza. Ilikuwa ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kama kumi na mbili, ikiwa na vipokezi viwili vilivyopeana mgongo. Basi msichana mmoja husimama katikati, mikono miwili ameinyosha kushoto na kulia, anazunguka taratibu. Watoto wengine ni nyota, wamejificha chini ya leso nyeusi, kila mmoja na ala yake. Mkono ukimwelekea, anapiga. Ukimpita, ananyamaza. Mmoja ana kayamba na hupiga ovyo, bila mpango: huyo ni Cygnus X-1, chanzo cha eksirei ambacho mionzi yake ilionekana ikimetameta bila utaratibu na leo kinajulikana kuwa na shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkali hata mwanga hauponyoki. Mwingine ana ngoma na hupiga mara moja kila sekunde tano, kwa sababu Uhuru iliona chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kikipigapiga kila sekunde 4.8. Mpiga ngoma wetu asiyeona haya alitaka afanye 4.8 kamili. Akafanya mazoezi kwa saa ya simu ya mamake siku nne.

Kwa nini ilibidi kupanda juu? Tunaonyesha hilo kwanza: watoto wadogo wanasimama wameshikana mikono, wao ndio hewa, na nyota, sasa zikiwa mionzi ya eksirei, zinajaribu kupita kuifikia Dunia. Haipiti hata moja. Wadogo hupenda sehemu hiyo kupita kiasi, hukumbatia nyota mpaka zikaanguka. Kama una watoto wa miaka saba, wape kazi ya kuzuia.

Roketi yenyewe tuliiacha baada ya aibu. Tulitumia chupa ya soda, maji thuluthi moja, hewa ya pampu ya baiskeli, na mazoezini asubuhi ilipaa vizuri hata watoto wakashangilia kabla haijashuka. Onyesho likawa saa kumi, na ulikuwa mwezi wa Juni. Mtu wa pwani asiyefikiria kusi la mchana mwezi wa Juni anastahili linalompata. Upepo uliilaza roketi ikiwa bado chini, ikamfuata mzee wa mtaa alipokaa na kanzu yake nyeupe. Hakuumia, alilowa. Alicheka, Mungu ambariki, lakini mimi sikulala. Kama lazima urushe, jaribu saa ile ile utakayoonyesha, na watazamaji wakae mbali.

Mengine ni ya utaratibu tu. Mazoezi yetu ni Jumamosi baada ya adhuhuri na Jumapili mchana, yasiguse madrasa wala kanisa, na kabla ya magharibi kila mtoto yuko kwao. Wimbo wowote wa kimila tunamwomba mwenyewe kwanza. Kuna ngoma za Kigiriama za matanga na za tiba, hizo si za kuchezea, na wazee wakikwambia uache, uache bila kubishana. Baba mmoja alimtoa bintiye kwa kuwa hakutaka acheze mbele ya wanaume. Sikumshawishi. Nilimwomba binti awe msomaji wa saa na mpigaji wa matari, nyuma, na akakubali. Leo ndiye anayejua maonyesho yote kuliko mimi.

Juu ya pesa nitasema moja. Hoteli moja ilinipa bei nzuri watoto wacheze usiku, kando ya bwawa la kuogelea, wavae majani kiunoni, na "hiyo habari ya sayansi tuifupishe". Nilikataa. Watoto hawachezi usiku hotelini, wala hawapigwi picha na mgeni asiyejulikana, hata kama leso zetu zimechanika. Ukianza kikundi katika mji huu wa watalii utaombwa hivyo, na mapema kuliko unavyodhani. Amua kabla ya kuombwa, maana siku ya kuombwa utakuwa una deni la paipu.

Sasa hivi tunahangaika na mto Sabaki. Watoto waliuliza kwa nini bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa mvua zikinyesha bara, na tope hilo huenda wapi. Tulichota maji ya mto kwenye chupa mbili, moja tukatia chumvi nyingi. Kesho yake ya chumvi ilikuwa imeanza kung'aa juu, tope limelala chini. Nyingine bado ni chai. Chembe za tope zikikutana na chumvi hushikana, zikishikana huwa nzito, huzama. Nilikuwa na wiki mbili nikitafuta hatua za kucheza jambo hilo, nimechora karatasi nzima.

Jumamosi iliyopita nimechelewa. Nilipofika niliwakuta wameshaanza: wengine wanakimbia ovyo, wao ndio tope, na wawili wanapita katikati yao wakinong'ona "chumvi, chumvi". Anayeguswa anamshika mwenzake mkono. Wakawa wawili, wakawa watano, wakashindwa kukimbia, wakakaa chini wote kwa kishindo. Mdundo wake bado hatujaupata.